Kuutoa utafiti Kasapa na kuufikisha mjini: mwongozo kwa Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyemaliza memwari (tasnifu ya mwisho wa masomo) juu ya mji, asistanti au profesa mwenye data, chama cha kartie (mtaa) kinachotaka kuzitumia, na mwandishi wa habari anayepigiwa simu jioni na kuambiwa "tuna matokeo". Tutafuata mfano mmoja mpaka mwisho: metali katika bustani za mboga kando ya mito ya Lubumbashi. Tumeuchagua kwa sababu una kila kitu kinacholeta fujo, yaani vipimo vya maabara, viwanda, riziki ya akina mama wa sokoni na ofisi zinazosukumiana mzigo. Anayeshughulika na kanivo (mitaro), takataka au makala ya kupikia (mkaa) atabadilisha majina tu.

Anza na uamuzi, kisha urudi kwenye data

Kabla ya kuwaandikia watu chochote, jaza sentensi hii: ofisi fulani iamue jambo fulani, mahali fulani, kabla ya tarehe fulani. Ukishindwa kuijaza, utafiti wako haujafika kwenye mjadala, hata kama jopo lilikupa alama za juu. "Serikali ipambane na uchafuzi" haiijazi. "Komini iweke bomba na beseni za kuoshea mboga katika soko lake, katika bajeti ya mwaka ujao" inaijaza, kwa sababu komini, yaani sehemu ya mji yenye utawala wake, ina mtu mmoja anayeweza kusema ndiyo au hapana.

Memwari nyingi zinaishia kabatini hapo hapo, kwenye ukurasa wa mapendekezo. Ukurasa huo mara nyingi unawaambia "viongozi" mambo kumi na mawili, na hakuna kiongozi hata mmoja anayejiona ndani yake.

Ili uijaze, ujue nani anashika nini. Sheria namba 08/016 ya Oktoba 7, 2008 ndiyo inayogawa madaraka ya mji na komini. Usafi, kanivo ndogo na masoko ya komini yanaanzia kwa burgumestre, mkuu wa komini. Barabara za mji na mifereji mikubwa, muulize OVD, ofisi ya barabara na mifereji. Maji ni REGIDESO, umeme ni SNEL. Hati za ardhi ziko kwa konservateri wa hati, na huyo ni mtu wa wizara ya kitaifa, kwa hiyo meya hamwamrishi. Vibali vya migodi vinatoka Kinshasa, kwenye kadasta ya madini, na tathmini za athari kwa mazingira zinapitia ACE, wakala wa mazingira wa taifa. Mtu anayempelekea burgumestre ombi la kufunga kiwanda amepoteza barua: burgumestre hana mamlaka hayo, na sasa ana sababu nzuri ya kutojibu hata lile dogo aliloweza kulifanya.

Kalenda nayo inaua. Mwaka wa bajeti unaanza Januari 1, na mapendekezo yanapangwa miezi kadhaa kabla. Barua inayohitaji pesa ifike kiangazi, Juni au Julai. Ikifika Desemba itasomwa kwa heshima na kuwekwa.

Jua kilichopo kabla ya kupima upya

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina kazi nyingi kuliko zile mji unazozijua. Observatoire du Changement Urbain, kituo chake cha kufuatilia mabadiliko ya mji, ilipeleka watafiti nyumba kwa nyumba kuuliza familia zinakula nini, zinapata wapi pesa na zinazitumiaje. Agronomia wamefanya kazi juu ya udongo, miti ya makala, na ukanda uliokufa mimea upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, kule ambako upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi kwa miaka mingi. Huko Penga Penga walijaribu nyasi za kienyeji, chokaa na mboji ili udongo ukubali tena kubeba mimea. Watu wa afya ya umma, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha KU Leuven cha Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga: wanaokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini kuliko wanaokaa mbali.

Utafiti huo wa 2009 una funzo la ufundi. Namba yake ya mjadala ni kilomita 3. Mtu wa Lubumbashi anaweza kuitembea, kuichora kwenye ramani ya kartie, na kuuliza shule ya mtoto wake iko ndani au nje. Tafuta namba ya aina hiyo ndani ya kazi yako. Lakini ulinde na upande wa pili: walipima metali kwenye mkojo, hawakuhesabu wagonjwa. Anayesema redioni kwamba "utafiti umeonyesha watu 351 wagonjwa" ameharibu kazi nzuri kwa sentensi moja.

Unapokusanya kazi za wengine, zipange kwa uzito. TFC (kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza wa chuo) yenye sampuli kumi ni dalili tu, inayosema "hapa pachunguzwe". Memwari ya udongo yenye maeneo ya kulinganisha na maabara inayotajwa kwa jina ni nzito zaidi. Makala iliyopita kwa wahakiki wa jarida, au tafiti tatu za watu tofauti zinazosema jambo moja, hizo ndizo za kupeleka mezani kwa meya. Usizichanganye katika sentensi moja kama vile zina nguvu sawa.

Namba: hapa ndipo kazi inapovunjika

Kwanza, kipimo kikavu na kipimo kibichi. Maabara hukausha majani, hivyo hutoa miligramu kwa kilo ya majani makavu. Vikomo vya chakula huhesabiwa kwa mboga mbichi, kama inavyouzwa. Kikomo cha Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa metali ya risasi katika mboga za majani ni miligramu 0.3 kwa kilo, mbichi. Sasa tuseme maabara imetoa 2.4 kwa lengalenga (mchicha) iliyokaushwa. Mwandishi anagawanya 2.4 kwa 0.3, anapata 8, na jioni mji mzima unasikia kwamba mboga zimepita kikomo mara nane. Lakini lengalenga ina maji karibu asilimia 90. Zidisha 2.4 kwa 0.1: ni 0.24, chini ya kikomo. Chukua 2.4 ileile kwenye sombe (majani ya mihogo), ambayo ina maji karibu asilimia 75: 2.4 mara 0.25 ni 0.6, mara mbili ya kikomo. Namba moja ya maabara imetoa habari mbili zinazopingana. Kwa hiyo pima maji ya kila mboga mwenyewe (uzito kabla ya kukausha, uzito baada), geuza hesabu, na karibu na kila tarakimu andika "mbichi" au "kavu". Kwa kobalti usitafute kikomo cha Codex, hakipo. Ukikiona kwenye memwari, muulize aliyeandika amekitoa wapi.

Pili, vumbi. Jani lililochumwa Agosti, barabara ikiwa kavu, lina metali ya aina mbili: ile iliyopanda kutoka kwenye mizizi na ile iliyokaa juu kama vumbi. Gawanya kila sampuli mara mbili. Nusu moja ioshwe kama mama anavyoosha jikoni, mara tatu kwa maji safi. Nusu nyingine isioshwe. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayokuambia suluhisho ni nini. Kama kuosha kunaondoa sehemu kubwa, bomba sokoni lina maana. Kama hakuondoi, tatizo liko udongoni au kwenye maji ya kumwagilia, na bomba litakuwa mapambo.

Tatu, udongo wenyewe. Katanga ina shaba ardhini tangu kabla ya kiwanda chochote, na kuna vilima ambako hata mimea ni ya aina yake kwa sababu hiyo. Ukisema tu "shaba imepita kiwango cha Ulaya", mhandisi wa kampuni atajibu kwamba ni asili, na ukumbi utamwamini. Jibu lake uliandae shambani: chukua udongo upande ambako upepo unaelekea, na udongo mwingine kwa umbali uleule upande ambako upepo unatoka, wenye rangi na mteremko unaofanana. Pima pia sentimita 0 hadi 20 na 40 hadi 60. Kilichonyesha kutoka angani hujazana juu. Kilichotoka kwenye mwamba kwa kawaida hakipungui hivyo unavyoshuka. Kwenye bustani iliyolimwa sana tofauti hii hufifia, kwa hiyo tafuta pia ardhi isiyoguswa jembe karibu yake.

Kwa kila bustani, sampuli moja itokane na vichomo 15 hadi 20 vilivyochukuliwa kwa mwendo wa zigizaga, vikachanganywa kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati inatoa zinki na kuharibu kipimo. Punguza hadi gramu 500, anika kivulini, chekecha kwa chekecheo la milimita 2.

Kuna vifaa vya mkononi vinavyosoma metali kwa eksirei papo hapo, na watu wanavipenda kwa sababu vinatoa namba mbele ya kamera. Kwa shaba na risasi katika udongo mkavu uliochekechwa vinasaidia. Kwa kobalti katika udongo wetu mwekundu, angalia sana: chuma ni kingi, ishara yake inakaa juu ya ile ya kobalti, na kifaa kinaweza kukuambia kobalti ipo kumbe kimesoma chuma. Udongo wenye maji hushusha namba. Majani usiyasome kwa kifaa hicho ukitaka kuzungumzia kikomo cha 0.3, hakioni kidogo kiasi hicho.

Nne, dodoso. Nyumba 100 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zinatoa asilimia yenye kosa la takriban 10 juu na 10 chini. Nyumba 400 zinalishusha hadi 5. Kwa hiyo mwenye nyumba 100 akisema komini moja ina asilimia 46 na nyingine 52, hajaonyesha tofauti yoyote. Na hesabu hiyo ni ya bahati nasibu ya kweli. Wanafunzi waliosimama kwenye avenyu kubwa, karibu na kituo cha taksibasi, saa nne asubuhi, wamewakosa wanaolima, wanaofanya kazi na wanaokaa mbali na lami. Orodhesha avenyu zote za kartie, chota chache kwa bahati, kisha gonga kila nyumba ya tano au ya kumi, na urudi jioni kwa wasiokuwepo.

Waliopimwa wasikie kwanza

Kabla ya redio, kabla ya burgumestre, rudi kwenye bustani. Mama anayeuza lengalenga akisikia habari za shamba lake kwenye redio ya jirani, siku hiyo hatauza, na mtafiti mwingine hataingia tena humo kwa miaka. Mpigie mama presida wa chama, uombe saa moja asubuhi mapema au jioni baada ya kumwagilia, wala usimwite Kasapa. Uende na ramani isiyo na majina wala alama za kila kipande. Kwenye ripoti ya umma toa eneo, kamwe usitoe kiwanja cha mtu.

Uende pia na la kufanya. Kumwambia mtu "usilime" bila ardhi nyingine ni kumfukuza kwa maneno ya kisayansi. Yapo mambo ya kati: kufunika udongo kwa majani makavu ili matone ya maji yasirushe matope kwenye mboga, mboji na chokaa, ambavyo hushika shaba isipande, kuhamisha nyanya na biringanya kwenye vipande vibaya zaidi, kwa kuwa mazao ya matunda hubeba metali kidogo kuliko ya majani. Chokaa ipimwe kwa pH (kipimo cha uchachu wa udongo) na isimwagwe kwa macho, na kama udongo una aseniki, muulize mtu wa agronomia kwanza, maana pH ikipanda aseniki inaweza kulegea badala ya kushikwa.

Mkutano huo utakurekebisha. Watakuambia maji yanabadilika rangi mwezi gani, nani anamwaga nini usiku, na kwamba kipande ulichokiita "shamba la kulinganisha" kilijazwa kifusi miaka michache iliyopita. La mwisho likitokea, futa sampuli hiyo.

Karatasi moja

Ofisini hawatasoma kurasa 80. Waandalie karatasi moja: maneno 400, ramani moja, namba zisizozidi tatu. Kifaransa kwa faili, Kiswahili kwa kartie, na Kiswahili kiwe kile kinachosemwa katika komini za Kenya na Katuba hapa mjini. Maandishi ya Kiswahili yanaweza kwenda hivi:

"Tulipima lengalenga na sombe za bustani … kati ya mwezi … na …. Kati ya kila mboga 10, … zilipita kikomo cha risasi kabla ya kuoshwa, na … baada ya kuoshwa mara tatu. Hatukupima watu, kwa hiyo hatusemi nani amegonjwa. Tunaomba komini iweke bomba … katika soko la …. Gharama yake imekadiriwa na fundi kuwa faranga …. Tutapima tena mwezi …."

Sentensi ya "hatukupima watu" usiiondoe hata mhariri akikusihi. Ndiyo itakayokuokoa siku ya maswali. Na gharama lazima iwepo. Ombi lisilo na bei linawapa ofisi kazi ya kwanza, nao hawataianza. Mpeleke fundi wa bomba sokoni na tepu yake, akadirie.

Redio

Una dakika tatu, na moja ni ya mtangazaji. Radio Okapi na redio nyingi za mji zinatangaza kwa Kiswahili pia, kwa hiyo jizoeze kwa Kiswahili. Mwenye data za Kifaransa peke yake huanza kutafuta maneno akiwa hewani na huishia kusema makubwa kuliko alivyopima. Andaa sentensi ya sekunde 20 yenye jambo, mahali na ombi. Jina la memwari usilisome. Ukiulizwa "kwa hiyo tuache kula sombe?", jibu lako liwe tayari kutoka nyumbani, kwa sababu litaulizwa: osha mara tatu, badilisha mboga, na hii ndiyo sehemu tunayoshughulikia. Ukisita hapo, soko litapata hasara kesho yake na wewe utakuwa umeipoteza kartie.

Mpe mwandishi karatasi ileile uliyoipeleka komini, siku hiyohiyo. Matoleo mawili yenye namba tofauti ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuitwa mwongo.

Barua na muhuri

Peleka nakala mbili kwa sekretari. Moja inabaki, nyingine inarudi nawe ikiwa na muhuri, tarehe na saini ya aliyepokea. Bila akize hiyo, yaani uthibitisho wa kupokelewa, barua haikuwahi kufika. Piga picha ya ukurasa uliopigwa muhuri palepale.

Barua ya kawaida inaweza kukaa bila jibu. Ukitaka jibu, iandike kama petisyo (ombi rasmi la raia), na utaje kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006: Mkongomani yeyote, peke yake au na wenzake, anaweza kuipelekea mamlaka ya umma petisyo, na mamlaka hiyo inajibu ndani ya miezi 3. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ya petisyo. Saini za kartie ziambatanishwe, na mtafiti asiwe wa kwanza kwenye orodha. Ombi ni la wakaaji, yeye ni mtu wa namba. Kwa mambo ya mazingira ongeza sheria namba 11/009 ya Julai 9, 2011, inayotambua haki ya umma kupata habari na kushiriki.

Chama kinachofadhiliwa na mwanasiasa kitajitolea kubeba barua yako. Kabla ya uchaguzi, hasa. Pima mwenyewe, lakini kumbuka kwamba tangu siku hiyo kila namba yako itasomwa kwa jina lake.

Miezi 3 ikipita kimya, andika barua ya pili fupi, ambatanisha ya kwanza yenye muhuri, nakala kwa meya na kwa wizara ya mkoa inayohusika. Hakuna haja ya maneno makali. Tarehe mbili zinatosha. Na jibu likija la "hapana, hakuna pesa", hilo ni jibu, lisomwe kwenye mkutano wa kartie kama lilivyo, kisha uliulizie tena kiangazi kinachofuata.

Kama bomba limewekwa, rudi kupima katika mwezi uleule wa mwaka, kwenye bustani zilezile, maabara ileile. Kupima Agosti kisha Februari kutakuonyesha mvua ikiosha vumbi, na mtu atafurahi na kusema ni bomba. Weka sampuli chache za zamani zilizokauka kwenye mifuko iliyofungwa na kuandikwa vizuri, uzitume pamoja na mpya: zikitoa namba ileile ya mwanzo, maabara haijabadilika, zikitoa nyingine, usitangaze chochote mpaka ujue kwa nini.